Gari Lililopona Bila Kutibiwa

Norjmaa hafungui boneti ya mtu kabla ya kumaliza maswali. Mafundi wenzake wa mji wa Tosontsengel humcheka kwa hilo, wakisema gereji yake ni kituo cha polisi chenye jeki. Yeye hajali. Aliendesha lori la mafuta miaka kumi na tano, akalitengeneza peke yake nyikani, na huko alijifunza kwamba anayeanza na spana hulala njiani. Sasa ana miaka hamsini na sita, jiko la kuni lisilozimika toka Oktoba hadi Aprili, na mume mwalimu anayemletea chakula cha mchana bila kuchelewa. Akiulizwa anatamani nini, hufikiri kidogo, kisha hutaja winchi ya kuinulia injini.

Asubuhi moja ya Januari aliingia Shagdar, mfugaji kijana kutoka ng'ambo ya mlima, na gari la Kijapani lenye umri wa miaka ishirini na miwili. Kando yake alikaa mama mkwe wake, Handsuren, amejifunika majoho mawili. Shagdar alieleza ugonjwa bila kuvuta pumzi. Kwenye tambarare gari linakwenda. Akikanyaga mafuta kupanda mlima, linasita, linakohoa, kisha linatambaa. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha chujio la mafuta, na liliporudi tena akasema injini imechoka. Ajabu ni kwamba kila mara lilitoka gereji likiwa zima, likasita tena siku ya kurudi nyumbani.

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Bila gari la kuvuka mlima ingebidi ahamie mjini kesho kutwa, angojee uchungu kwa jamaa, na mwaka mpya wa jadi, wa Februari, umkute katika nyumba ya watu. Alikuwa ameshaanza kufunga mizigo, na hakuwa akiifunga kwa furaha.

Norjmaa aliuliza lilianza lini. Tangu baridi ilipoingia, Shagdar alijibu. Je, kuna kilichobadilika nyumbani wakati huo? Hakuna. Hapo Handsuren alidakia kwamba hakuna isipokuwa blanketi la injini. La zamani lililiwa na panya, akashona jipya kwa siku kumi na saba, tabaka mbili za manyoya ya kondoo na ngamia. Alisema hivyo kama mtu anayengoja kusifiwa, na Norjmaa akamsifu. Huko kila gari huvishwa blanketi wakati wa baridi; hakuna fundi anayeliona tena, kama vile mtu asivyoona kofia yake mwenyewe.

Walikwenda kwenye kilima cha nyuma ya kituo cha mafuta, Norjmaa akiwa kiti cha abiria, macho kwenye mguu wa Shagdar. Gari lilisita kweli, kama mtu aliyebanwa pua. Wakarudi. Akafungua boneti, akalikunja blanketi kwa heshima, akaliweka juu ya benchi. Alipima msukumo wa mafuta: sawa. Plagi: safi. Chujio la hewa: jipya. Akafunga boneti, wakarudi kilimani kuhakikisha, na gari likapanda kama mbuzi.

"Dada, umefanya nini?" Shagdar aliuliza, uso umemng'aa.

"Sijafanya kitu. Ndiyo maana sijafurahi."

Gari halijiponyi. Alirudi gereji akasimama katikati ya sakafu, akitafuta kilichopungua. Kisha akalikunjua blanketi. Kwenye pembe moja, upande wa ndani, palikuwa na alama ya duara, nyeusi, iliyobonyea, ukubwa wa mdomo wa bakuli la chai. Alilitandika juu ya injini: duara lilikaa sawasawa kwenye mdomo wa bomba la kuvutia hewa. Gari likienda polepole, hewa ilipenya pembeni. Likikanyagwa, injini ilivuta kwa nguvu, ikajifyonzea blanketi mdomoni. Na mafundi wote, yeye mwenyewe akiwamo, walilitoa kwanza ndipo wakaanza kutafuta ubovu; Shagdar akalivisha tena siku ya kurudi nyumbani.

Angeweza kukata pembe ile kimyakimya. Badala yake alichukua mkasi, akamfuata Handsuren karibu na jiko, akamwonyesha alama.

"Mama, umelishona vizuri mno. Injini imekosa pa kupumulia."

Shagdar aliangua kicheko. "Kumbe miezi miwili nawatukana Wajapani bure."

"Wewe nyamaza," mama mkwe alisema. "Nani aliniambia nilifikishe mpaka pembeni, upepo usiingie hata chembe?"

Handsuren aliutwaa mkasi, akakata duara mwenyewe, kisha akatoa sindano kwenye mkunjo wa joho. Shagdar alimsihi waondoke, jua lisije likawatupa mkono. Hakumsikiliza; ukingo usiopindwa, alisema, ni aibu ya mshonaji, si ya gari. Alipinda kwa mishono midogo iliyolingana, na Norjmaa, ambaye hapendi kazi ya harakaharaka, alimmiminia chai yenye chumvi akamngoja.

Safari ya tatu blanketi lilikuwa mahali pake na Handsuren kiti cha nyuma. Kilima kilipita chini yao bila kikohozi hata kimoja. "Kanyaga," bibi alisema. "Nililipa siku kumi na saba, nataka kuona."

Juu kabisa, simu ya Shagdar iliita. Alikuwa mkewe, akiuliza fundi amesema nini. Shagdar alimtazama mama mkwe kwenye kioo, akakohoa kidogo.

"Hewa tu, mpenzi. Lilikuwa limekosa hewa."

Mkono uliovaa joho ulipita begani mwake ukaichukua simu.

"Asikudanganye," Handsuren alisema. "Ni mimi niliyelikaba koo. Fungua hayo masanduku, urudishe nguo mahali pake. Tunakuja."