Mikungu Miwili Jikoni

Siku ya tatu tangu nipasuliwe, maziwa yalikuwa bado hayajatoka. Mwanangu ananyonya, anaachia, analia mpaka sauti inamkauka, na mimi nalia naye kitandani, hapo kwetu Njiro. Nesi alishaniambia nile vizuri, ninywe, nimwekee mtoto titi kila mara. Sasa jamani, nile nini?

Maana jikoni hakukaliki. Mama yangu alikuwa ameshuka na mkungu wa ndizi kutoka shambani kwake, huko mlimani Meru. Mama mkwe naye akaja na wa kwake kwa basi kutoka Kilimanjaro, utadhani Arusha ndizi zimekwisha. Yote miwili ni ya ndizi aina ya mshare. Ungezichanganya, hata wenyewe wasingezitambua. Lakini mama mkwe alishikilia kwamba aliyemzaa mtoto wa Kichaga hupikiwa mtori, supu nzito ya ndizi za Uchagani, ndizo zinazoleta maziwa. Mama akamjibu, kwa upole wa kuudhi, kwamba Wameru nao wamenyonyesha tangu enzi na enzi. Basi kila mmoja akawa anamsubiri mwenzake atoke ndipo abandike sufuria. Nilimtuma mume wangu akaamue. Akaenda kuosha gari.

Nilikasirika mpaka mshono ukaniuma. Mwili ni wangu, njaa ni yangu, na hakuna aliyeniuliza nimekula nini tangu asubuhi.

Mchana jirani yetu alipita kumwona mtoto, akanikuta nalia. Alirudi kwake akaniletea wali na maharage na chupa ya chai, akakaa pembeni mpaka nikamaliza. Nilifakamia bila aibu.

Jioni kifua kikajaa, gauni likalowa. Nikamsikia mwanangu anameza. Nilifurahi mno. Wazee wakaja mbio: mama mkwe akasema ukoo wao haujawahi kukosa maziwa, mama akamkumbusha kwamba matiti yale ni ya binti wa Kimeru.

"Ni wali wa jirani," nikawaambia. "Ndizi zenu hata hazijamenywa."

Mama mkwe akauliza, na mama akiitikia kwa kichwa, "Jirani mwenyewe kabila gani?"

"Mnyaturu," nikajibu papo hapo.

Tumeishi naye ukuta kwa ukuta miaka minne. Jina lake silijui.