Kitufe Kisichokuwepo Angani

Kosa langu la kwanza la hatari angani lilikuwa kusoma.

Nilijifundisha kurusha ndege kwa mchezo wa kompyuta, nyumbani kwetu mtaa wa Woodley, miaka kadhaa kabla sijaweza kulipia masomo yenyewe. Injini ikizima, nilibonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo, nikasoma kadi ya dharura mstari kwa mstari, kisha nikaendelea. Sikuwahi kuruka mstari hata mmoja. Nilijivunia hilo, na sasa naona haya kuliandika.

Asubuhi moja ya Julai tulikuwa tukirudi kutoka upande wa Limuru, baridi na ukungu. Mimi nilishika usukani. Kando yangu alikaa mwalimu, mama wa Kikalasinga ambaye sisi wanafunzi tulimwita Kepteni. Tulipofika juu ya Kitisuru injini ikaanza kutetemeka, nguvu zikapungua. Chini hapakuwa na uwanja, miti na mapaa tu. Kidole gumba changu kikatafuta kile kitufe. Naapa, kilikitafuta. Kisha nikachomoa kadi, nikaanza mstari wa kwanza, huku mkono mwingine ukivuta usukani ili tusishuke.

Kasi ikafa. King'ora cha kuonya kwamba ndege inakaribia kuanguka kikalia, na maandishi yakaanza kunichezea machoni.

"Wewe, unasoma gazeti?" Kepteni alisema. "Shusha pua!"

Sikuweza. Kuelekeza pua ya ndege kwenye yale mapaa kulinishinda kabisa. Akausukuma usukani mwenyewe, king'ora kikanyamaza.

"Sasa hewa moto."

Nikavuta kishikio kinachopeleka hewa moto kwenye kabureta, kuyeyusha barafu iliyoganda humo kwa ule ukungu. Injini ikakohoa vibaya kuliko mwanzo. Nimetuua, nikawaza, na mkono ukaenda kukirudisha.

"Gusa hiyo tena nikukate vidole. Iache!"

Tulizidi kushuka. Niliona mtu akianika shuka, akatuinulia macho. Halafu injini ikashika, ngurumo ikarudi yote.

Baada ya kutua tulienda Kenyatta Market. Kepteni akaagiza nyama choma. Mimi niliagiza soda tu.

"Kwa hivyo kadi haisaidii?" nikamuuliza.

"Nani amesema? Kwamba injini itakohoa kwanza na usiguse hewa moto, unafikiri nilitoa wapi? Iko kwa kadi."

"Sikuiona, Kepteni."

"Hukufika. Ungefika tukiwa kwa paa ya mtu." Akanisukumia sahani. "Kula, inapoa."

Sikula.

Tangu siku ile hatua za kwanza ziko mikononi mwangu, si kwenye karatasi: pua, kasi, mahali pa kutua, hewa moto. Ndege ikitulia ndipo naifungua kadi, na naisoma yote. Mchezo nimeufuta kwenye kompyuta. Hofu bado ninayo.