Mwakilishi Wetu Kule Jangwani

Mimi si mtu wa kuficha nilichokipata. Stashahada yangu ya usimamizi wa majengo iko kwenye fremu ofisini kwangu Newtown, mahali ambapo mteja akikaa tu lazima aione. Niliisomea jioni kwa miaka mitatu, na mchana nilikuwa nikifagia ngazi za nyumba za Bellevue zilizogawanywa vyumba vyumba. Leo nina ofisi, nina nyumba Turffontein, na nina wapangaji wanaoniita mheshimiwa bila mimi kuwaomba. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu nitakayoyaeleza yalitoka humo humo katika kujivuna.

Baba yangu alikuwa mtu wa hapa Afrika Kusini aliyekimbilia Tanzania enzi za mapambano. Akaoa Morogoro, akazaa, na uhuru ulipopatikana akarudi kwao na sisi tukiwa sehemu ya mizigo. Watu walituita waliorudi. Mama alikuwa akicheka. "Baba yako ndiye karudi," alisema. "Mimi nimeenda." Baba hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Tukabaki wawili, mama na mimi, katika mji ambao mmoja wetu alipaswa kuujua na hakuna aliyeujua.

Magharibi, mwendo wa saa nane kwa gari kutoka Johannesburg, pembezoni mwa jangwa, kuna kijiji cha wastaafu. Ni nyumba ndogo nyeupe zinazofanana, bustani za changarawe, na njia zilizochorwa mistari ili wazee wasipotee. Wazee huenda huko majira ya baridi, kwa kuwa baridi ya Johannesburg huwaingia kwenye magoti, na kule jua la Juni ni kavu na la upole. Ikifika Novemba jua hilo hilo hugeuka. Mwenye mtoto pwani anakwenda pwani, mwenye mtoto mjini anakuja mjini, na nusu ya nyumba hubaki tupu mpaka Machi.

Mawakala wenzangu waliona nyumba tupu. Mimi niliona wahandisi. Jangwani kote watu walikuwa wakijenga mitambo ya umeme wa jua, na hao ndio binadamu pekee waliokuwa wakilifuata joto lile kwa makusudi. Niliwaandikia wazee, nikawaomba wanikabidhi nyumba zao kwa kiangazi. Wakakubali mmoja mmoja. Mpaka leo sijakutana na mtu aliyeliwaza jambo hilo kabla yangu.

Katika kijiji hicho nilimnunulia mama nyumba. Alikuwa na kifua kibaya, na kila Julai Turffontein alikohoa mpaka majirani wakamjua kwa kikohozi. Mpango wetu ulikuwa rahisi: baridi akae kule, Oktoba nimfuate, kiangazi akae kwangu. Jumapili, kwenye ibada yetu ya Kiswahili, waliponiuliza habari zake nilisema, "Yuko kwenye nyumba yake jangwani, anapumzika." Kuna mama mmoja Mkenya, mtu wa benki, aliwahi kusema mbele ya watu kwamba mtoto wa kiume wa namna yangu mtu angeomba apewe wawili. Sikumkatalia.

Mwaka wa tatu, mwanamke aliyekuwa akinishikia funguo kule aliacha kazi mwishoni mwa Oktoba, wiki ile ile niliyopanga kumfuata mama. Nikampigia simu.

"Mama, kaa mpaka Krismasi tu. Unishikie funguo."

"Za nyumba ngapi?"

"Kumi na moja."

"Nami nilidhani nimestaafu."

"Ni kazi ya kukaa tu, mama."

"Kazi ya kukaa ni ya kuku anayeatamia," alisema. "Haya, baba. Lete hizo funguo."

Kwenye barua za wateja nikaandika kwamba watapokelewa na mwakilishi wetu wa eneo. Sikuandika kuwa ni mama yangu. Nilijiambia ni utaratibu wa kazi. Ukweli ni kwamba sikutaka mwenye stashahada ajulikane kuwa amemweka mama yake mzazi mlangoni kama mlinzi. Na kanisani sikusema kuwa anafanya kazi. Wateja walikuwa na mwanamke asiye na mwana, na kanisa lilikuwa na mama anayepumzika.

Nilikuwa nimenunua visanduku vya funguo vya kufungwa ukutani, mpangaji abonyeze namba, achukue ufunguo wake, aingie. Mama alivikataa. "Mgeni hupokelewa na mtu," alisema. "Hapokelewi na sanduku." Alifunga kila ufunguo uzi wa rangi yake, akazibeba zote kwenye pindo la kanga. Siku ya mgeni alitangulia kwenye nyumba, akafungua madirisha, akaweka jagi la maji mezani, akakaa kumngoja. Wapangaji walimpenda. Waliniandikia barua za kumsifu, nami nikazibandika ofisini.

Mimi nilikuwa na kanuni yangu. Nyumba tupu haiwashwi umeme. Swichi kuu huzimwa mpangaji akitoka, na haiguswi mpaka mpangaji mpya aingie na kutia saini. Wenye nyumba waliipenda sana. Mama aliifuata kama amri ya daktari.

Nilimpigia kila asubuhi. Hilo nalo nilijisifia, kwamba hakuna asubuhi iliyopita bila simu. Nilimpigia nikiwa garini, kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku, ile ya karibu na uwanja wa mbio za farasi, ambayo taa yake nyekundu hukaa muda mrefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama. Habari za huko?"

"Nzuri."

Taa inageuka kijani. "Haya mama, baadaye."

Aliyelelewa kwetu hahitaji kufundishwa. Habari kwanza ni nzuri. Hata nyumba yenye maiti ndani itakujibu nzuri, kisha mtu avute pumzi, aseme "ila," na hapo ndipo habari yenyewe inapoanza. Nimekulia humo. Nilipokuwa mtoto niliwahi kukaa mkekani nikisikiliza mjomba akijibu nzuri mara nne kabla ya kusema kuwa shamba limeungua. Lakini Johannesburg ilinifundisha kukata maneno, na nilikuwa nikijigamba kwa wafanyakazi wangu kwamba simu zangu hazizidi dakika moja. Kuanzia Novemba hadi Januari nilimkata mama kabla ya "ila" yake kila asubuhi.

Mara chache taa ilichelewa, akapata nafasi ya utani. "Huku mijusi inainua miguu kwa zamu," aliniambia siku moja. Nikacheka. Siku nyingine alisema, "Umeniacha na wazungu wachache, nao wanakauka kama dagaa." Nikacheka tena. Krismasi ikafika. Wapangaji walikuwa wengi kuliko mwaka wowote, nikamwambia amalize na Januari.

Kati ya wapangaji alikuwepo mhandisi mmoja Mkenya, kijana wa Nairobi, aliyepanga tangu Novemba. Katikati ya Januari aliomba nyumba ya pili kwa ajili ya wenzake wanaokuja. Tukakubaliana ataichukua siku fulani saa nne asubuhi, nikamwarifu mama. Siku yenyewe, asubuhi, mhandisi aliniandikia kwamba gari la wenzake limechelewa, atafika saa tisa. Niliusoma ujumbe ule nikiwa kwenye ile robot, nimetoka kuzungumza na mama dakika hiyo hiyo na kuambiwa nzuri. Nikawaza nimpigie tena. Halafu nikawaza: atangoja tu, ana kazi gani nyingine?

Niliyawaza maneno hayo hasa. Sijaweza kuyapata mengine yaliyo laini zaidi.

Saa tisa na robo alasiri simu ililia. Mbele yangu walikuwepo mume na mke waliokuja kutia saini mkataba, kalamu iko mkononi mwa mume, na stashahada iko ukutani juu ya kichwa changu.

"Boss," alisema yule mhandisi, "yule mama wa funguo ameanguka. Nimemkuta sakafuni. Anapumua, lakini hanijibu, na mwili ni moto hata sijui niseme nini. Ndani ya nyumba ni kama jiko, stima imezimwa. Nimemtia kwenye gari, nampeleka hospitali saa hii."

Yule mume na mke walikuwa wakinitazama usoni.

"Asante kwa taarifa," nilisema. "Ni mfanyakazi wetu mzuri sana. Nitalishughulikia."

Nikakata. Nikageuza karatasi, nikamwonyesha mume mstari wa kusaini. Walipotoka nilishuka nikaingia kwenye gari, nikaendesha, na ya njiani siyakumbuki.

Nilifika usiku wa manane. Muuguzi aliyekuwa mapokezi alinitazama mara moja tu akasema, "Wewe ndiye mwanawe. Tulikuwa tunakungoja." Mama alikuwa amelala na mirija miwili, midomo imepasuka. Hakuongea siku hiyo, wala ya pili. Daktari alinieleza kwamba mzee akikaa saa tano ndani ya nyumba iliyofungwa katika joto la namna ile, ubongo nao hupikika. Hakutumia neno hilo. Neno hilo ni langu.

Kwa nini hakuondoka? Nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Kwa nini hakuwasha swichi? Nilijiuliza hospitalini kama mtu asiyemjua. Angeondoka, mgeni angeweza kufika akute mlango umefungwa, na umeme ulikuwa umekatazwa na mwanawe. Hata madirisha alikuwa ameyafunga, walinieleza, kwa sababu upepo wa mchana ulikuwa ukiingiza vumbi kwenye nyumba aliyokwisha kuifuta. Jagi lilikuwa mezani, limejaa, limefunikwa kitambaa. Yalikuwa maji ya mgeni.

Siku ya tatu nilikwenda kwake kumchukulia nguo. Godoro halikuwa kitandani. Lilikuwa bafuni, juu ya vigae, na kanga tatu zimetandazwa kwenye ukingo wa beseni, zimekauka zikawa ngumu kama mbao. Nilibonyeza kiyoyozi cha chumbani, hakikuwaka. Kwenye kalenda ya jikoni, Novemba, alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mkubwa: mwambie mashine imekufa. Desemba aliandika tena. Januari pia.

Alipoanza kuongea ulimi ulikuwa mzito na maneno yalikuja moja moja. La kwanza aliloniuliza ni kama mgeni alipata ufunguo wake. Nikamwambia alipata. Akafumba macho, ameridhika. Sikuomba msamaha, kwa sababu kuomba kungemlazimu kunijibu kwamba hakuna neno, nami nilijua angelijibu hivyo.

Sasa yuko Turffontein. Anatembea akishika ukuta. Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Watoto wangu, ambao Kiswahili wanakielewa lakini wanajibu kwa Kiingereza, wamejifunza kumsubiri amalize sentensi, na wanasubiri vizuri kuliko nilivyowahi kusubiri mimi. Kanisani nilisema kwamba aliugua kwa sababu ya joto. Yule mama wa benki alinishika bega, akasema Mungu amwone mtoto anayetunza. Nikaitikia amina.

Machi nilirudi jangwani kufungasha vitu vyake. Wazee walikuwa wanaanza kurejea, viti vimetolewa barazani, mtu anamwagilia mmea uliokufa zamani. Yule mhandisi alikuja kurudisha funguo za nyumba zote mbili, maana kazi yao ilikuwa imekwisha. Ilikuwa mara ya kwanza kuonana ana kwa ana. Aliuliza, "Mama anaendeleaje?"

Nikamwambia anatembea kidogo. Halafu, kwa kuwa tulikuwa wawili tu na maboksi, nikasema, "Yule ni mama yangu mzazi."

"Najua, boss."

Niliweka chini boksi nililokuwa nimelishika.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," alisema. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. "Jumapili alikuwa ananipikia mchicha. Tungeongea nini, kama si wewe? Vile ulifagia ngazi ukisoma, vile umejenga. Hata hiyo stashahada aliniambia iko kwenye fremu ya rangi gani. Ni mimi niliandika jina lako hospitalini."

"Kwa nini basi kwenye simu hukusema?"

"Aliniomba nisiseme. Alisema mwanangu ni mtu wa ofisi, hapendi kazi ichanganyike na ukoo, ukimpigia jifanye hujui." Alizungusha funguo kidoleni, moja ya uzi mwekundu, moja ya uzi wa kijani. "Ile siku, nilipokuambia ameanguka, nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nakupa nafasi."

Nilikumbuka kwamba kweli alinyamaza. Mimi nilidhani ni mtandao.

Aliniwekea funguo mkononi, akaniambia nimsalimie. Kisha akauliza atie saini wapi, nami nikamwonyesha.