Boma Moja, Majiko Matatu

Walipotuletea maji ya paipu hapa Theta, alikuja injinia mmoja na hesabu yake. Mto alikuwa ameupima masika na kiangazi, akajumlisha, akagawa, akapata maji ya katikati. Hayo ya katikati mimi sijawahi kuyaona mtoni. Mto wetu hujaa au hukauka. Lakini hilo lilituumiza sote. Lililofuata liliniumiza mimi.

Alisema mkutanoni kwamba kila boma litafunguliwa maji kwa zamu, na zamu zote ni sawa. Akawauliza wanaume mmoja mmoja, "Wewe mzee, una maboma mangapi?"

"Moja," mume wangu akajibu.

Wake tulikuwa watatu, kila mmoja na jiko lake na shamba lake na watoto wake. Jirani yetu, kapera anayeishi na mbwa, naye alijibu moja. Basi tukapewa sawa na mtu na mbwa wake.

Mimi nilikuwa nimepanda mishiri, yale maharagwe mabichi ya kupelekwa ng'ambo. Yakikosa maji wakati wa maua hupinda, na mnunuzi hataki yaliyopinda. Hiyo mishiri ndiyo ingemrudisha binti yangu shuleni.

Nikamfuata injinia. Alinisikiliza, sikatai. "Mama, kubadilisha si kazi. Mzee aseme tu ni matatu."

Nikamwambia mzee. Akanikazia macho. "Boma hugawanywa mwenyewe akishazikwa. Unanichimbia kaburi?"

"Sikuchimbii kitu. Ni hesabu ya maji."

"Hesabu ni moja."

Mke mwenzangu mdogo alikuwa hapo mlangoni, akacheka. "Mama mkubwa, si uinyunyizie machozi hiyo mishiri yako?"

Shamba lake lilikuwa juu ya langu. Kiangazi kilipokolea, zamu yetu ikifika maji yaliishia kwake, mimi nikabaki na paipu inayopuliza upepo. Mnunuzi alikuja, akaokota mshiri mmoja, akauangalia ulivyojikunja, akamwaga kreti zangu zote kando ya barabara. Ng'ombe wa watu wakala. Binti yangu alisimama pale akitazama, na shuleni hakurudi tena.

Jioni hiyo mzee akaja jikoni kwangu akaitisha chai.

"Maji ni ya boma," nikamwambia. "Nenda upikiwe na boma."

Nikafunga mlango.