Siku Baba Alipoutisha Mstafeli

Enzi zetu kule Makorora, na ninyi mliokulia kwenye ua wa makuti mtanishuhudia, mama aliyenunua mchicha sokoni alionekana mgonjwa au mgeni. Kila uani palikuwa na tuta la mchicha, tembele lililotambaa mpaka mlango wa choo, na pilipili zilizoota kwenye makopo ya maziwa. Asubuhi sisi watoto tulinuka vitumbua na moshi. Jioni tulinuka samadi ya mbuzi, maana tulitumwa kuiokota mbio mbio kabla watoto wa nyumba nyingine hawajaimaliza. Leo mwambie mtoto akaokote samadi, atakuuliza glavu ziko wapi.

Na mashauri ya bustani yalikuwa bure. Mama na jirani yetu Bi Mwanamvua walipeana kupitia tundu la makuti, kama watu wanavyoombana kaa la moto. Konokono? Nyunyiza majivu. Vidukari kwenye bamia? Maji ya sabuni na pilipili kichaa, ila angalia upepo. Baba hakuangalia upepo. Akashinda kutwa na macho mekundu, na kila aliyepita barazani alimpa pole ya msiba. Kenge anayeiba mayai? Hapo kila mtu alikuwa na dawa yake, na kenge akaendelea kunenepa.

Basi tulikuwa na mstafeli mmoja, mti wa mama wa kujivunia. Ulikuwa mrefu, majani yanameremeta, kivuli kizuri, lakini tunda hata la dawa hakuna. Bi Mwanamvua akamwambia mama, "Shoga, umwagilie maji ya kuoshea samaki." Mama akapiga hesabu zake: ikiwa maji tu yanafaa, utumbo wenyewe si utafaa zaidi? Akaufukia shinani utumbo wa kibua ndoo nzima.

Paka wa Makorora yote walihudhuria. Nahisi hata wa Horohoro kule mpakani walipata habari. Walifukua shina, wakafukua tuta la mchicha, wakapigana juu ya tembele mpaka alfajiri, na asubuhi bustani ilikuwa kama uwanja wa ng'ombe.

"Umenifanyia kusudi!" mama akalia kwenye tundu la makuti.

"Mie nilisema maji," akajibu Bi Mwanamvua. "Utumbo umejitungia mwenyewe."

Hapo wakanuniana. Na kununiana kwa enzi zile kulikuwa kazi kubwa kwetu watoto, kwa sababu ndio tuliobeba maneno. Mama alisimama hatua mbili kutoka ua akaniambia kwa sauti, "Rehema, nenda kamwambie yule mama kuku wake wako huku." Kabla sijavaa kandambili, sauti ya Bi Mwanamvua ilishasikika, "Rehema, mwambie mama yako nimeshawaona!" Mimi nakwenda vilevile, nafika, nasema, narudi. Aliyeumia zaidi ni baba. Achari ya ndimu ya Bi Mwanamvua ilikoma kuvuka ua, na baba alikula wali akiutazama kama maiti ya ndugu. Mama naye, mchana alipokuwa peke yake, nilimkuta mara nyingi amekalia kigoda chake karibu na lile tundu.

Ndipo bibi, mama yake mama, alipokuja kutoka Mkwaja kututembelea. Hakumaliza hata kuitikia shikamoo zetu, akauona mstafeli.

"Mti huu mmeudekeza," akasema. "Utishwe."

Akaeleza. Mtu mmoja ashike panga, aupige mti kwa ubapa na aape kuukata. Mwingine ajitokeze auombee: usiukate, mwakani utazaa. Mti ukiogopa, unazaa. Ila mwombezi asiwe wa nyumba ile, awe jirani, maana wa nyumbani mti unawajua.

"Basi aombe Bi Mwanamvua," baba akasema upesi, achari ikimcheza kinywani.

"Bora usizae," mama akajibu, akaingia ndani.

Lakini baba angemkataliaje mama mkwe? Alasiri ile akachukua panga. Kwanza alijaribu kufanya kazi zote mbili: akatisha kwa sauti nene, kisha akazunguka upande wa pili wa mti akajiombea kwa sauti nyembamba. Sisi tulicheka mpaka tukakaa chini. Bibi akatikisa kichwa. "Mti si mjinga, mwanangu. Na tisha kama mwanamume."

Baba yangu alikuwa mpole kupita kiasi. Kuku wa sikukuu alichinjiwa na wengine. Sijui siku ile alipata wapi sauti. Akalipiga shina, pwaa!

"Nakulisha! Nakunywesha! Umenenepa bure, hata kuzaa huzai! Leo nakukata, na mama yako shahidi!"

Lile "mama yako" lilimtoka kwa hofu tu. Lakini upande wa pili wa ua kilianguka kifuniko cha sufuria, makuti yakapasuka, na Bi Mwanamvua akaingia uani kwetu bila hodi, kanga moja kiunoni, upawa mkononi ukichuruzika mchuzi.

"Usimkate!" akapiga kelele huku amefumba macho. "Mwache, Baba Rehema, nakuomba kwa jina la Mungu! Atazaa! Mwakani atazaa!"

Baba na panga, Bi Mwanamvua na upawa, mstafeli katikati.

"Alhamdulillahi," bibi akasema. "Umeombewa."

Bi Mwanamvua akafumbua macho. Akautazama mti, akamtazama mama aliyesimama mlangoni mzima wa afya, ungo mkononi.

"Kumbe mti?"

"Ulidhani mimi?" mama akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu wale paka. "Na unavyonichukia, ukaja kunitetea?"

"Sasa ukikatwa," akasema Bi Mwanamvua akihema, "mie nitagombana na nani?"

Mama alianza kucheka, kisha akawa analia, kisha sikujua ni kipi. Jioni achari ilivuka ua.

Mstafeli ulizaa. Baba alidai ni panga, Bi Mwanamvua akadai ni ule utumbo alioukana, bibi hakudai kitu, alikula tu. Na komba walipoanza kushuka kuiba matunda, mama na Bi Mwanamvua wakapata jambo jipya la kubishania.

Siku hizi nami nina bustani, na ukuta wa tofali wenye vipande vya chupa juu. Niko kwenye kundi la wakulima wa nyumbani kwenye simu. Juzi niliuliza kuhusu wadudu weupe kwenye mpera wangu. Kijana mmoja akanitumia katuni inayocheka, mwingine akanitangazia viwanja. Nikatoka uani. Nikamsikia jirani anafagia upande wa pili.

"Hodi jirani!" nikaita. "Una dawa ya wadudu weupe?"

Ufagio ukanyamaza.

"Niandikie kwenye simu, dada," akajibu kwa adabu.

Nikaitoa simu. Namba yake sina. Na nilipotaka kumwuliza, nikagundua hata jina lake silijui.