Shukrani za Kiroboto

Mwalimu wa kompyuta alizoea kuulizwa. Shuleni wenzake walimwita printa ikigoma, majirani walimletea simu zilizokufa, naye alijibu swali kabla mwenyewe hajalimaliza. Basi siku alipogundua kuwa mkewe anauliza kwingine, alihisi kama mtu aliyekuta viatu vya mgeni mlangoni pake.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Kwa miezi mitano, baina ya gauni na gauni, alikuwa akijifunza kuunda gemu: paka mdogo anayekimbia kuokota vifungo katika vyumba kumi na kimoja. Kila chumba alikichora mwenyewe, mstari kwa mstari. Akikwama aliandika kwenye jukwaa moja la mtandaoni, na huko ndiko alikokuwako mtu aliyejiita Kiroboto, asiyejulikana ni mwanamume au mwanamke, kijana au kikongwe. Mezani ikawa Kiroboto kasema hivi, Kiroboto kaniuliza vile.

"Huyo Kiroboto anakula wapi?" Mwalimu aliuliza siku moja. "Maana humu ndani ameshanenepa."

Mkewe alicheka, akaigeukia kompyuta yake. Kicheko kile kilimkata maini. Mwalimu aliyasoma majibu yote ya Kiroboto akitafuta kosa kama mtu atafutaye chawa, asipate. Mwisho alijiandikisha jukwaani kwa jina la Mkongwe.

Jumamosi mchana mkewe aliuliza jukwaani: paka wake anapenya kuta, afanyeje? Mwalimu alikuwa chumba cha pili, simu mkononi. Desturi ya jukwaa lile ni kwamba jibu unalijaribu kwako kwanza, ndipo unampa mwenzio. Yeye mwenyewe huwaimbia wanafunzi wake wimbo huo kila muhula. Lakini Kiroboto angeweza kutokea wakati wowote. Aliandika mistari tisa ya kufuta faili kuukuu na kuzipakia kuta upya, akaituma mbichi.

Kiroboto alifika dakika nne baadaye, na swali tu: paka anapenya akitembea, au akiruka? Mkewe alikuwa ameshaitumia ile mistari tisa.

Alikuja akasimama mlangoni. Hakupaza sauti.

"Vyumba vyangu vimefutika. Vyote. Kuna mtu anaitwa Mkongwe kanijibu, na mimi mjinga nikamwamini."

Mwalimu angeweza kunyamaza. Badala yake alisema, "Ni mimi."

Mkewe aligeuka akaitazama meza yake. "Kutoka hapa hadi kwangu ni hatua sita."

"Ungeniuliza mimi, si huyo mdudu wako."

"Nikikuuliza wewe, baba, unaninyang'anya kibodi, mimi nageuka mtazamaji. Yeye hunirudishia swali, nami nalimaliza mwenyewe."

Mwalimu aliuliza kama mkewe ana nakala popote. Mkewe alimweleza kuwa anayo Kiroboto. Alikuwa amemtumia Jumatano ili aiangalie. Kisha akamwekea kompyuta mapajani.

"Muombe."

Katika maisha yake hakuwahi kuomba msaada jukwaani. Aliandika akafuta. Hakujua amwamkie shikamoo au mambo, akaangukia habari. Alieleza yeye ni nani na nini kimetokea.

Jibu lilikuja upesi: "Pole kwa mama. Ninayo hadi chumba cha tisa. Ile mistari uliijaribu kabla ya kuituma?"

Mkewe alikuwa nyuma yake, akisoma. Mwalimu aliandika: "Sikuijaribu. Nilitaka kukuwahi."

Faili lilifika bila neno la ziada. Mkewe alichukua kompyuta, akaketi, akaanza kuchora upya chumba cha kumi. Mwalimu aliomba kukaa karibu.

"Kaa. Lakini mikono iweke magotini."

Aliiweka. Baada ya kitambo ujumbe wa Kiroboto ukaingia, mkewe akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaanza kujibu. Mwalimu aliyageuza macho ukutani asione amemwandikia nini, na vidole vyake magotini vikawa havitulii.