Jike wa Olvido

"Mimi nikimshika kanari mara moja tu, najua dume au jike! Siku nikikosea, nifukuzeni mji huu wa Avilés nikauze samaki!" Eladio Busto aliyatamka hayo mbele ya chama kizima cha wafuga ndege wa kanari, glasi ya sidra, ile pombe ya tufaha, mkononi, na hakuna aliyebisha. Kikombe cha mwimbaji bora kilikuwa kimezoea kulala kwake.

Kwa wafugaji wale, dume hutunzwa aimbe, jike hugawiwa kama pipi ya chenji. Ndivyo Eladio alivyompa shemeji yake Olvido, mjane wa kaka yake, jike mmoja wa manjano.

"Chukua, shemeji. Haimbi, lakini atakupunguzia upweke."

Miaka ikapita, jike akazeeka, halafu asubuhi moja akaimba. Tena si kulialia! Aliviringisha sauti mpaka wapita njia wakasimama chini ya dirisha. Wale waliokuwa wakijazana kwa Eladio kila Jumapili wakahamia jikoni kwa Olvido, wanakula maharage yake na kufumba macho kwa raha. Eladio akavimba kama andazi. Jioni moja akamkabili Olvido baani, mbele ya watu.

"Shemeji, umempaka nini ndege wangu?"

"Wako? Si ulimtupa?"

"Jike haimbi!"

"Basi hukumjua. Kauze samaki."

Baa nzima ikaangua kicheko, na Olvido akamwandikisha ndege wake kwenye mashindano ya mwaka ule. Eladio akaenda kwa Olvido, akaokota unyoya chini ya tundu, akaupeleka maabara upimwe jinsia. Jibu likarudi: jike. Akalisoma kilabuni kwa sauti, karibu acheze.

"Nani akauze samaki sasa? Mashindano ni ya madume! Afutwe!"

Etelvina, daktari wa mifugo, akaweka glasi chini. "Eladio hakukosea. Ila sikilizeni. Kwenye ubongo wa ndege hawa kuna sehemu ya kuimba. Homoni ya kiume ndiyo huikuza. Kwa jike hubaki kijisehemu tu. Kuna ndege ambao homoni ikiwapita utotoni, basi, mlango umefungwa. Kanari mlango wake umeegeshwa tu. Huyu bibi kanari nadhani ovari yake imekufa, homoni ya kiume ikapanda, mlango ukafunguka."

"Kwa hiyo jike yeyote akipakwa hiyo homoni…?" mmoja akadakia.

"Ataimba kwa muda. Na ni marufuku, kwa hiyo usinitazame hivyo."

Jike akafutwa, Eladio akatwaa kikombe. Alipogeuka apongezwe, alikuta viti vitupu. Wote walikuwa wamemfuata Olvido nyumbani wakamsikilize ndege aliyefutwa. Hata jaji wa mashindano.

Eladio akarudi kwake na kikombe. Madume wake waliimba vizuri tu, na hakuna aliyebisha hodi. Majike wake walikaa kimya, wakimkodolea macho kama wakwe.

Wiki iliyofuata akaenda kwa daktari wa watu, akaapa nguvu za kiume zimemwisha. Akaingia duka la dawa na cheti amekikunja mara nne. Muuzaji akakikunjua, akakisoma, akamtazama.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Yako wewe, mzee Eladio? Wewe kabisa?"

Nyuma yake, kwenye foleni, majirani wakanyoosha shingo. Mmoja akakohoa.

"Yangu, nimesema! Bei gani?"

Jeli ya homoni ya kiume, tyubu moja, euro arobaini na mbili.